Fuvu la ng'ombe nililolipiga vanishi linatoa mafuta na wadudu. Waliowahi kuhifadhi mabaki ya wanyama njooni hapa

Mzawa wa Kongwa (mleta uzi), 14 Januari

Wakuu, habari za jioni. Poleni na majukumu, na tulio Dodoma poleni na tope, maana mvua ya safari hii haitanii.

Nina kibanda cha nyama choma huku Ipagala, meza saba na jiko moja. Mwaka jana mwezi wa tisa nikaingiwa na wazo la kupamba ukuta wa kaunta. Nikapata kichwa cha dume la Ankole, wale wa pembe ndefu, kwa kijana anayechuna machinjioni Kizota. Nilichofanya nakieleza chote, mnicheke mara moja tuendelee. Nilikichuna, nikakitia kwenye pipa la mafuta lililokatwa, nikakichemsha kwa kuni kutwa nzima mpaka nyama ikaachia. Nikakisugua kwa brashi ya waya. Bado cha manjano, nikakiloweka kwenye jiki siku mbili. Kikatoka cheupe pee. Nikakianika juani siku nne, ukikigonga kinalia ko, ko, ko. Nikamwita fundi akakipiga vanishi ya kung'aa mara tatu, nikakitundika.

Oktoba na Novemba nilikuwa mfalme. Watu walikuja kupiga picha tu na kuagiza soda moja. Desemba mvua ilipoanza ndipo kivumbi. Kwanza yakatokea madoa ya manjano chini ya vanishi, kwengine imevimba malengelenge, ukilitoboa linatoka ute unaonata wenye harufu ya samli iliyochacha. Halafu sehemu ya pua mfupa ukawa unamung'unyika kama chaki. La tatu ndilo lililonileta hapa: Jumamosi mteja kaagiza nusu kilo ya mbuzi, kakaa chini ya fuvu, kidudu cha kahawia chenye manyoya kikadondoka pembeni ya kachumbari. Hakulipa, na mimi sikumdai.

Naombeni kujua kama kuna vanishi nzuri zaidi ya kuziba hili jambo, au nilitupe tu. Nimelipenda, ndiyo shida.

Binti Nzuguni, 14 Januari

Nimecheka kama mazuri 😂 Kaka ungemwambia ni kiungo.

Pole lakini. Nakaa hapa nafuatilia, nina pembe za mbuzi wa harusi yangu ziko juu ya kabati, naanza kuziangalia kwa jicho jingine.

Fundi Seremala 026, 14 Januari

Mleta uzi, vanishi umeionea. Mbao mbichi ukiipiga vanishi inafanya hivyo hivyo: maji yanatafuta njia, yanainua koti, mteja anarudi kukutukana. Wewe umefunika sufuria ikiwa na mchuzi. Hata ukiweka klia ya gari, mchuzi uko ndani.

Na vanishi ya mafuta yenyewe kwa asili inageuka manjano kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye mninga haionekani. Kwenye kitu cheupe kama mfupa itaonekana tu, hata ungefanya kila kitu sawasawa.

Mifupa Mitupu, 14 Januari

Mkuu pole sana. Enzi za chuo niliwahi kujitolea kwenye chumba cha kuandaa vielelezo vya makumbusho, kwa hiyo haya nimeyafanya kwa mikono yangu na mengi niliyaharibu kwanza. Vumilia, ni marefu.

Mfupa si jiwe. Robo hadi theluthi ya uzito wake mkavu ni protini, hasa ile inayoitwa kolajeni, kilichobaki ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Mafundi ujenzi watanielewa: kolajeni ndiyo nondo, madini ndiyo zege. Jiki inaila nondo. Inakuachia zege tupu, jeupe, zuri kwa macho, halafu linaanza kubomoka lenyewe. Na haiachi kazi ukishasuuza, kwa sababu imeshaingia kwenye vitundu vya mfupa. Hiyo chaki ya puani ndiyo hesabu yake. Iwe ya kampuni gani, klorini kwenye mfupa hapana.

Kuchemsha nako kuna mambo mawili. Wewe ni mtu wa nyama, unajua supu ya makongoro ikilala usiku asubuhi imeganda. Ule mgando umetoka kwenye kolajeni. Kutwa nzima kwenye pipa umepika supu, na ulichotundika ukutani ni makapi yake. Jambo la pili ni mafuta. Kichwa cha ng'ombe kimejaa mafuta ndani ya mfupa wenyewe, si juu. Moto mkali unayayeyusha, yanazama ndani zaidi, na maji yakipoa yanaganda humo humo. Dodoma ya Oktoba na Novemba kwenye ukuta wa jiko la choma lazima yayeyuke tena, yatafute pa kutokea, na pa kutokea umepaziba kwa vanishi mara tatu.

Wadudu sasa. Hukuchomoa pembe, au nimekosea? Pembe ya ng'ombe ni vitu viwili: kiini cha mfupa, na ala ya nje ambayo ni kitu kile kile cha kucha zetu. Katikati kuna tishu laini. Ukiikausha bila kuichomoa, umewaachia wadudu ghala la chakula lenye mlango. Ghala la pili liko ndani ya bongo, la tatu kwenye vile vijifupa vyembamba kama karatasi ndani ya pua.

Usilitupe. Kesho nikitulia naeleza namna ya kulifufua.

Mtera Perege, 15 Januari

Hicho kidudu cha manyoya sisi wauza samaki tunakijua kama ndugu. Ni mtoto wa yule dudu mweusi anayekula samaki wakavu. Ukichelewesha gunia la perege mwezi mmoja bila kulifungua, unakuta miiba na unga.

Ila msimseme vibaya sana. Kuna mzungu mmoja mtafiti aliwahi kuninunulia kopo zima la hao wadudu wakiwa hai, nikamwona kachanganyikiwa. Akaniambia kwao makumbusho wanawafuga makusudi, wanawapa mizoga mikavu, wanasafisha mifupa mpaka ya panya bila kuvunja hata ubavu. Nikajaribu kwa kichwa cha sungura. Boksi la plastiki, nimetoboa matundu madogo kwenye kifuniko, nikakiacha kichwa kikauke kidogo kwanza maana kibichi chenye maji hawakitaki, nikawamwagia. Wiki mbili na ushee kikawa kisafi kuliko vyombo vya nyumbani kwangu. Boksi liliwekwa bandani mbali na stoo ya samaki, nadhani sababu mnaijua.

Mzawa wa Kongwa, 15 Januari

Mifupa Mitupu, ni kweli pembe sikuchomoa. Nilidhani ni kitu kimoja. Nasubiri maelezo. Wakati huo huo fuvu nimelihamishia stoo, mke wangu kasema likirudi kaunta yeye anaondoka.

Mifupa Mitupu, 15 Januari

Mkeo yuko sahihi kwa sasa.

Anza kwa kuua. Funga fuvu kwenye mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, tia kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki mbili. Pembe za Ankole haziingii kwenye friza ya mtu yeyote ninayemjua, kwa hiyo pembe zitabidi zichomoke kwanza. Na ili zichomoke, vanishi iondoke, kwa sababu maji hayapenyi. Tumia thina au asetoni, nje, glovu mkononi, mbali kabisa na jiko lako maana mvuke wake unashika moto ukiwa umekaa mita kadhaa.

Vanishi ikitoka, loweka kichwa chote kwenye maji ya kawaida mpaka maungio ya pembe yafunikwe. Wiki mbili, tatu, ala zitalegea, utazizungusha na kuzivuta. Zitanuka. Narudia, zitanuka. Osha ndani ya ala kwa brashi ndefu, kisafishe kiini, anika ala kivulini. Ala moja moja unaweza kuifunga kwenye mfuko mweusi na kuiacha juani saa za mchana. Joto la ndani likifika kama nyuzi 55 kwa saa kadhaa, mayai na mabuu hayapati salama. Usizidishe siku, ala ikikaushwa kwa pupa hupasuka.

Baada ya hapo ndiyo kazi yenyewe, kutoa mafuta. Maji ya uvuguvugu, yale mkono unayavumilia, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa ukarimu. Sabuni ya unga achana nayo, nyingi zina vitu vinavyokula protini. Maji yakichafuka na utando ukaelea juu, mwaga, weka mengine. Dodoma tuna bahati: tia kwenye ndoo nyeusi yenye kifuniko, acha juani, jua linapasha bure. Fuvu la mbuzi linaweza kukuchukua wiki chache. La ng'ombe, na hasa lililochemshwa, hesabu miezi. Ukilitoa na kulikausha, tafuta sehemu zinazoonekana kama karatasi iliyofungiwa chapati. Zikiwepo, rudisha.

Wengine hapa mtauliza weupe. Unatumika maji ya haidrojeni peroksaidi, yale ya asilimia 3 ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Chombo cha plastiki, si bati, kifuniko kilegezwe maana kinatoa hewa na kikibanwa kitapasuka, glovu na uangalifu wa macho. Usiguse ala ya pembe nayo, inapauka vibaya. Ile ya saluni ya kuchanganyia rangi ya nywele ni kali zaidi, ujazo 20 ni kama asilimia 6. Lakini wewe Mzawa usitie chochote. Jiki imekumalizia weupe wote wa maisha ya hilo fuvu.

Binti Nzuguni, 15 Januari

Swali la maskini: hayo maji ya kumwaga na kuweka kwa miezi, na mgao huu wa maji tunaoujua, inakuwaje?

Mifupa Mitupu, 15 Januari

Kwa fuvu la mbuzi ndoo ya lita 20 kila siku nne au tano inatosha. Ya kwanza kwanza yanayonuka mwagia mti, mpapai unayapenda. Yasimwagwe karibu na kisima. Na ukiwa unaozesha kichwa kibichi usimwage yote, bakiza robo, kwa sababu bakteria wanaofanya kazi wako humo. Ukiyabadili yote kila mara unaanza upya kila mara.

Fundi Seremala 026, 15 Januari

Sahihisho kidogo mkuu. Vanishi ya mafuta iliyokomaa miezi mitatu, thina haiitoi, itailainisha ngozi ya juu tu na kukuchafulia. Hapo ni dawa ya kubandulia rangi, unapaka, unasubiri ivimbe, unakwangua kwa kijiti, si kwa chuma. Thina ni kwa sanding sila na klia. Aulize fundi wake alitumia kopo gani.

Mifupa Mitupu, 15 Januari

Nimesahihishwa, ahsante fundi. Asikwangue puani kabisa.

Daktari wa Mifugo Mstaafu, 16 Januari

Vijana, shikamooni hamtoi siku hizi, lakini haidhuru. Nina neno moja kwa wote mnaosoma na kupata hamasa.

Mleta uzi amechukua kichwa machinjioni, mnyama amepimwa na mkaguzi wa nyama kabla na baada ya kuchinjwa. Vizuri. Kuna wengine mtaona fuvu porini njia ya Bahi au Manyoni, au mzoga wa ng'ombe aliyejifia, mkabeba. Msibebe. Kimeta kipo nchi hii. Mnyama aliyekufa ghafla, ametoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, huyo hafunguliwi, hachunwi, kichwa chake hakitafutwi. Vimelea vya kimeta vikikutana na hewa vinajifungia kwenye maganda yake na vinaweza kukaa ardhini miongo kadhaa vikisubiri. Jua la Dodoma halivitishi, na kuchemsha kwenye pipa la kuni si dawa ya kutegemea. Nimewaona watu waliougua kwa ngozi tu. Toeni taarifa kwa afisa mifugo wa kata, basi.

Na hilo fuvu hata likipona, lisikae juu ya chakula.

Mzawa wa Kongwa, 16 Januari

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Nitalihamishia ukuta wa upande wa kuingilia.

Kijana wa Manyoni, 16 Januari

Wakuu mmenifungua macho. Mimi shambani kwetu kwenye mawe kuna ganda la kobe, lile bapa, kobe amekufa zamani. Na mtaro wa pili kuna fuvu la swala na pembe zake safi kabisa. Nataka nikazichukue wikiendi hii. Gundi au klia, kipi kinafaa kwa ganda?

Wakili Chini ya Mwembe, 16 Januari

Kijana, kwanza usiende.

Ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku ni mali ya mfugaji. Swala na kobe si mali yako hata akifia kitandani kwako. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inaviita hivyo nyara za serikali: fuvu, pembe, ngozi, jino, kucha, ganda, yai la mbuni, hata kipande. Kukutwa nacho bila kibali ni kosa, na "niliokota" si kibali. Kesi hizi mara nyingi zinakwenda kama uhujumu uchumi, na hukumu ya miaka 20 siyo habari ya kushangaza. Nimekaa mahakamani nikasikia mtu akijitetea kuwa alitaka kupamba sebule.

Huyo kobe bapa wa kwenye mawe, wanamwita kobe chapati, ndiye mbaya zaidi kwako. Amewindwa sana kwa ajili ya wafuga kobe wa ng'ambo, na mwaka 2019 mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukampandisha kwenye orodha yake ya juu kabisa. Acha vilipo, mwambie mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya wanyamapori ya wilaya.

Na mnaoulizana vitu hivi mitandaoni huku mnaweka picha, kaeni mkijua wanaosoma si nyie tu.

Kijana wa Manyoni, 16 Januari

Duh. Ahsante kaka. Sijavigusa, naapa. Narudi kwenye mbuzi.

Mwalimu wa Makole, 18 Januari

Uzi mzuri, ngoja niuchepushe kidogo. Nafundisha baiolojia. Nina masanduku ya wadudu waliokaushwa na wanafunzi, vipepeo, panzi, kifaru wa mbolea. Kila mwaka nikifungua Januari nakuta pini tupu na unga chini yake. Naweka vidonge vya nondo havisaidii. Pia kuna mtoto kaniletea nge mkubwa mkavu, nafikiria kumfungia kwenye rezini, ile plastiki ya maji inayoganda ikawa kama kioo. Na mwisho, kabatini nimerithi ndege aliyejazwa wa zamani sana, ana manyoya bado, ukimgusa anatoa unga mweupe. Nimpige klia?

Mifupa Mitupu, 18 Januari

Mwalimu naanza na ndege, na usimguse tena kwa mkono mtupu. Zamani wajaza wanyama walikuwa wakipaka ndani ya ngozi sabuni ya aseniki. Ilibuniwa Ufaransa karne ya 18, ikaenda hadi ndani ya karne ya 20, na ilipendwa kwa sababu hakuna mdudu anayesogea. Siyo kila unga mweupe ni aseniki, lakini kwa ndege mzee wa kabatini chukulia ni sumu mpaka ithibitike vinginevyo. Vaa glovu na barakoa, mtie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, andika SUMU, asifike mikononi mwa wanafunzi. Usimpige kitu chochote, usimpulize vumbi. Kama kuna namna, ongea na watu wa Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Arusha, wana macho ya vitu hivyo.

Wadudu: anayewala ni kijidudu kidogo, binamu wa yule wa samaki, unaweza kukidhania punje ya pilipili manga. Vidonge vya nondo vinamfukuza aliye nje, aliyeko ndani ya tumbo la kipepeo hana habari. Na mvuke wake si mzuri darasani, kuna watoto damu yao haivumilii kabisa. Sanduku zima kwenye friza wiki mbili ndani ya mfuko, litoe liache lizoee joto ukiwa bado hujafungua mfuko, la sivyo unyevu utaganda juu ya mabawa. Kisha kifuniko kiwe cha kubana kweli, ukanda wa sponji pembezoni. Vile vifuko vidogo vya kwenye maboksi ya viatu weka viwili vitatu kwa ajili ya masika. Vipepeo usivipulizie spirei yoyote ya kuziba. Rangi ya bawa ni vigamba vya unga, spirei inavilaza na kuvifanya kama vimelowa mafuta ya taa.

Nge: anafaa rezini, ila akiwa mkavu mpaka mwisho. Unyevu uliobaki unatoa vipovu na ukungu wa fedha kumzunguka. Mpake rezini kwa brashi kwanza ili hewa itoke kwenye miguu na mkia, acha ishike, ndiyo umimine tabaka nyembamba nyembamba. Ukimimina nene kwa mara moja inachemka yenyewe na kupasuka. Kabla hujamfungia, waite wanafunzi gizani na ile taa ya kukagulia noti. Nge anawaka kijani cha buluu, hata aliyekufa miaka. Hilo somo hawatalisahau.

Mwalimu wa Makole, 18 Januari

Nimejaribu muda huu kwa taa ya duka la jirani. Amewaka! Mwenye duka kafunga mlango akakimbia.

Babu Mchela, 19 Januari

Wajukuu, nasoma nacheka. Sisi Wagogo ngozi tunaiwamba chini kwa vigingi siku ile ile, upande wa nyama juu, unakwangua, unasugua jivu, upepo wa kiangazi unamaliza. Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji. Ngoma ya muheme iliyokuwa kwa mama yangu haikupakwa chochote. Ilining'inia ndani ya tembe moshi wa jikoni unapita, na haikuliwa na mdudu. Alipojengewa nyumba ya bati na jiko la nje, miaka miwili ngoma ikatoboka.

Halafu naulizia: ile gundi ya mgunga wanayoichuma vijana kuuza, haiwezi kufanya kazi ya hiyo vanishi yenu?

Mifupa Mitupu, 19 Januari

Shikamoo babu. Gundi ya mgunga inashika vizuri na inakauka inang'aa, tatizo ni kuwa inayeyuka kwa maji. Masika yakifika inanata, inashika vumbi, na wadudu wanaipenda kama sukari. Kwa kiangazi ingefaa.

Kwa kuwa tumefika kwenye kuziba, niseme la Mzawa. Puani peke yake, palipomung'unyika, paka gundi nyeupe ya mbao uliyoipunguza kwa maji, sehemu moja ya gundi kwa nne za maji. Brashi laini, iache inyonye, rudia kesho. Inapaswa izame, ikibaki juu kama ngozi ya maziwa umeizidisha. Makumbusho wanatumia kitu kinaitwa Paraloid B-72, chembe kama sukari mawe zinazoyeyushwa kwenye asetoni. Haigeuki manjano na hata baada ya miaka unaitoa kwa asetoni hiyo hiyo. Dodoma sijaiona dukani.

Sehemu nyingine zote mimi nisingepaka kitu. Mafuvu niliyoyaona kwenye makabati ya makumbusho mengi hayana hata tone la chochote. Ukitaka kupaka kwa ajili ya moshi na vumbi la kibandani, iwe akriliki isiyong'aa, koti moja jembamba, na iwe baada ya kukauka kweli. Na kukauka usikupime kwa ko ko ko. Wewe una mizani. Pima kila Jumapili, andika. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, maji yamekwisha.

Mtera Perege, 19 Januari

Babu umenikumbusha, na mimi samaki waliopita moshini wanachelewa kuliwa kuliko wa jua. Kumbe ni somo moja.

Nyikani Hapa, 2 Februari

Nimechelewa. Nina pembe ya ng'ombe imekaa uani miaka, imeota vijiti vya udongo kama vidole, vimetokeza nje. Nikivunja kimoja kina matundu. Ni mchwa?

Mifupa Mitupu, 2 Februari

Siyo mchwa. Ni nondo wa pembe. Mabuu yake yanakula ala ya pembe na kwato, mmoja wa viumbe wachache wanaoweza kuimeng'enya, na hivyo vidole ni mirija waliyoijenga kwa nyuzi na kinyesi chao. Ukitaka pembe, gandisha kwanza, kisha vunja mirija na uziba matundu kwa nta. Mimi ningeiacha na mirija yake niiweke mezani, nzuri kuliko fuvu la Mzawa.

Mzawa wa Kongwa, 27 Julai

MREJESHO wakuu. Nilipotea, samahanini.

Vanishi ilinichukua siku tatu na dawa ya kubandulia, fundi 026 ulisema kweli, ilikuwa ya mafuta. Pembe moja ilichomoka wiki ya tatu, ya pili ikagoma mpaka ya tano. Kilichotoka ndani siwezi kukiandika hapa, watu wanakula. Mpangaji wa nyuma aliniuliza kama kuna mtu amefia kwangu. Friza nilipewa na Mtera Perege mwenyewe, kumbe genge lake liko karibu na mimi na hatujuani, akanitoza kilo mbili za mbuzi.

Mafuta nimetoa kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Ndoo nyeusi mbili, sabuni chupa nyingi sijazihesabu kwa makusudi. Mwanzoni maji yalikuwa kama ya kuoshea sufuria la pilau. Mwezi wa nne nikasema yamekwisha, nikalikausha, yale madoa ya chapati yakawa bado yapo kisogoni. Nikarudisha. Mpapai uliokuwa unamwagiwa umezaa mpaka nimeuegemeza nguzo.

Puani nimepaka gundi ya maji mara nne. Halibomoki tena ukiligusa, ila ncha ya mfupa wa kushoto haipo, ilikwenda na jiki.

Mizani, bila pembe: Jumapili ya kwanza kilo 3.4. Ya pili 3.1. Ya tatu 3.0. Leo 3.0.

Binti Nzuguni, 27 Julai

Hongera kaka! Picha basi. Na umepaka nini cha mwisho?

Mzawa wa Kongwa, 27 Julai

Picha kesho mchana, upande wa kuingilia, mbali na kachumbari. Mke wangu amelikagua, kanusa ndani ya tundu la jicho, kasema sawa. Spirei isiyong'aa nilinunua tangu Mei, iko kwenye kabati na nailoni yake haijafunguliwa. Nalipima tena Jumapili.